Mtoto wa Sikinde kwenye shoo ya Msondo

Lusajo alinipigia simu Jumanne, hata salamu hajamaliza: "Msondo wanakuja Mbeya Jumamosi, panda basi." Nikamuuliza, we si shabiki wa bendi ya Sikinde, Msondo inakuhusu nini? Akakaa kimya kidogo, af akasema anaenda kuwazomea. Haya. Ijumaa asubuhi nikatoka Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, jioni nipo Uyole natetemeka, maana sisi wa Iringa tunajifanya tunaijua baridi ila ya Mbeya mwezi wa saba ina dharau yake. Kitu cha kwanza tukapita Mwanjelwa kutafuta jaketi la mtumba.

Sasa kwa mliozaliwa juzi. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilishwa jina na bendi nayo inabadilishwa, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mwisho wakachoka wakabaki na jina la mtindo wao, Msondo Ngoma, baba ya muziki. Af 1978 ikazaliwa Mlimani Park na baadhi ya watu wa Juwata wakahamia huko, akiwemo mwimbaji Muhidin Gurumo mwenyewe, mtindo wao wakauita Sikinde, na ubishi ukaanzia hapo haujaisha mpaka leo. Ni Simba na Yanga, tofauti tu hapa hakuna refa.

Kwa kina Lusajo ilikuwa Sikinde tupu. Marehemu mzee wake alikuwa fundi wa reli ya TAZARA, ana redio kaseti ambayo hata kuigusa ruhusa hamna. Enzi zile bendi zinarekodi Radio Tanzania, sahani za santuri mtaani kwetu hatuzioni, kwa hiyo mtu unavizia kipindi, kaseti ipo tayari, wimbo ukianza unabonyeza na unaomba Mungu mtangazaji asiongee. Na anaongea tu. Kaseti za mzee zina mtangazaji, zina jogoo, na kuna moja katikati kabisa ya wimbo anaingia mama Lusajo: "Nani kachukua mfuniko wa sufuria?" Sisi tumekua tunausikia wimbo hivyo, mpaka leo Lusajo akiuimba hilo swali analiweka, kwa sauti ya mama yake kabisa.

Siri ya ile kaseti niliijua nikiwa mkubwa. Juu imeandikwa SIKINDE kwa kalamu nyekundu, na upande A kweli ni Sikinde. Upande B Juwata watupu. Mzee alikuwa analala pande zote mbili! Na ule wimbo wenye mfuniko upo upande B.

Jumamosi tumefika ukumbini Lusajo kavaa makoti mawili na sura ya mtu aliyekuja kudai deni. Kiingilio elfu kumi. Ndani wazee wamejaa, kaunda suti, kofia, mama wa watu wamesuka vizuri, sisi wenye miaka arobaini tunaonekana vijana. Kuna mzee mmoja tulimwamkia shikamoo akaitika marahaba, af akatuuliza, "Nyie mmetumwa na nani?"

Niseme ukweli, nilidhani naenda kusikia kumbukumbu. Unajua tena, bendi ya 1964, waimbaji tuliowazoea wengi wametangulia, TX Moshi alifariki 2006, Gurumo 2014. Nikajiandaa kuwa na huruma. Weee. Besi ilivyoingia nikaisikia kwenye mbavu. Magitaa ya dansi kwenye simu yanasikika kama kitu kimoja kinachakarika tu, ila ukikaa mbele unaona kabisa huyu wa ridhim anarudia kitu kilekile dakika kumi hachoki, wa solo anapita juu yake anaongea mambo yake, na wa kati anawasuluhisha. Af matarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, wakiinuka kwa pamoja, aisee, jaketi nililivua.

Lusajo kakaa. Mikono mfukoni. Nikamwambia we mjinga, huyo Gurumo wenu mwenyewe mwisho alirudi Msondo akamalizia muziki wake hukohuko. Akasema "alipitiwa."

Kwenye saa sita hivi wakaanza ule wimbo. Upande B. Nilimuona Lusajo katoa mkono mmoja mfukoni. Ubeti wa kwanza, wa pili, af pap, umeme umekatika. Ukumbi giza, magitaa yamekufa, besi imekufa, maiki zimekufa. Nikajua ndo basi tena, sasa hivi watu watadai hela zao.

Kumbe tarumbeta halitumii umeme bwana. Drams hazitumii umeme, tumba hazitumii. Wapulizaji hawakusita hata sekunde, mpiga tumba akaongeza, na waimbaji wakasogea mwisho wa jukwaa wakawa wanaimba kwa koo zao tu, ukumbi mzima ukaitikia, wazee wale wanayajua yote neno kwa neno, tochi za simu zikaanza kuwaka mojamoja. Pembeni yangu nasikia mtu anaimba kwa nguvu mpaka sauti inapasuka, nageuka, Lusajo. Kasimama. Na ilipofika palepale, katikati ya ubeti, akapaza: "NANI KACHUKUA MFUNIKO WA SUFURIA!"

Yule mzee wa marahaba alimmulika na simu usoni.

Kaseti yao ilikuwa inakatika muda mfupi baada ya hapo, utepe ukiisha. Kwa hiyo Lusajo maneno yakamuishia, akabaki amesimama mdomo wazi anasikiliza, maana wimbo unaendelea, kuna ubeti mwingine kabisa, kuna mpaka jibu la yule mwanamke anayelalamikiwa tangu tukiwa darasa la tatu! Umeme ulirudi kwenye sebene, kila mtu akapiga kelele. Lusajo akaenda mbele kumtunza mpuliza tarumbeta elfu tano, akakosa pa kumbandika kwa jasho, akamuwekea mfukoni.

Kwenye bajaji akaniambia alisimama kwa sababu ya baridi.

Asubuhi mama yake katupikia ndizi, mbalaga, tukamsimulia, kacheka mpaka kaweka kijiko chini. Nikamuuliza, mama, hivi ule mfuniko ulipatikana?

"Si baba yao! Redio ilikuwa haishiki vizuri, kaufunga na waya juu ya bati, ndo ikawa eria yake."