Breki ya mizani ya mahindi: nilivyotoka Manzese mpaka Kyalami

Mwezi wa sita 2022 nlikuwa na miaka 19, nimejilaza chumbani Manzese nachungulia Le Mans, zile mbio za magari za Ufaransa, kwenye simu yenye kioo kimepasuka, mara nasikia anatajwa Josh Pierson, Mmarekani, miaka 16. Kumi na sita bana! Ndo dereva mdogo kuliko wote waliowahi kuanza mbio zile za saa 24, na mbio zenyewe zipo tangu 1923. Mi nikiwa na 16 nlikuwa nabishana na konda kuhusu nauli ya mwanafunzi. Mwaka huohuo Toyota wakashinda Le Mans mara ya tano mfululizo, nikamwambia jirani yangu mwenye IST akanicheka, "dogo acha uongo, Toyota hizihizi?"

Shida ya Dar ukimwambia mtu unataka kuendesha magari ya mashindano anajua unaongelea rali, vumbi, Safari Rally, jamaa pembeni anasoma ramani. Rali naiheshimu sana ila mi nilitaka lami, gari za GT3 zile, Porsche 911, Ferrari, Mercedes zilizovuliwa viti na kuvikwa tairi kipara. Na kipara namaanisha linatoka kiwandani halina kashata hata moja, likikutwa hapa barabarani trafiki anakupiga faini papo hapo. Sakiti ya lami Dar hakuna, kwa hiyo nikaanza na simuleta kama wengi tu. Kompyuta ya mtumba, usukani wa Logitech G27 wa mtumba, kiti cha Starlet nimekitoa Ilala kwa wauza spea, na gemu la Assetto Corsa Competizione kwa sababu ndani yake ipo Kyalami ya Afrika Kusini, na kwa hesabu zangu ile ndo sakiti ya maana ambayo siku moja naweza kufika hata kwa basi.

Miezi minne nazunguka kwa dakika 1:46, wenzangu wa kawaida tu wanapiga 1:41. Sekunde tano kwenye mzunguko wa kilomita 4.522 ni aibu. Nikawa nalaumu kompyuta, nalaumu intaneti, nalaumu umeme uliokuwa unakatika kila nikikaribia kumaliza. Kumbe tatizo ni mguu wa kushoto, ule wa breki.

Iko hivi. Pedali ya breki ya ile G27 inapima umbali, yaani mguu umeshuka sentimita ngapi. Breki ya gari halisi la mashindano haiko hivyo, pedali inashuka kidogo sana halafu inakuwa kama unasukuma ukuta, kinachohesabika ni nguvu unayoweka. Na kwangu mimi mwili unakumbuka nguvu vizuri kuliko umbali, jaribu kufumba macho ukunje goti nyuzi 30 kamili uone, halafu jaribu kusukuma ukuta nguvu ileile mara mbili, hiyo ya pili unaweza. Kwa hiyo nlikuwa kila kona nabahatisha.

Pedali za kupima nguvu dukani bei yake ni kodi yangu ya mwaka. Ila kinachopima ndani ya zile pedali ni kidude kilekile kilichomo kwenye mizani ya kidijitali, kipande cha chuma chenye nyaya nne. Nikaenda Tandale sokoni kwa mama mmoja muuza nafaka, mizani yake ya kilo 100 ilikuwa imekufa kioo, nikamwambia shikamoo mama naomba uniuzie hiyo mbovu. Akaniuliza unataka kupima nini? Nikasema mguu wangu. Alicheka mpaka akaita wenzake, lakini akaniachia kwa elfu kumi. Fundi wa kuchomelea Gerezani akanitengenezea fremu ya skwea paipu, Kariakoo nikapata Pro Micro, kikompyuta kidogo cha kuunganisha pedali na kompyuta, na kile kibao kidogo cha HX711 kinachosoma nyaya za mizani.

Nikafunga, nikawasha, ikawa mbaya kuliko mwanzo! Nakanyaga, gari linafunga breki baadae. Wiki mbili nzima nikidhani nimeunguza kitu. Kumbe HX711 nyingi zinakuja zimepangwa kusoma mara 10 tu kwa sekunde, kwa mizani ya mahindi inatosha sana, kwa gari lililo kwenye 230 inakuwa unakanyaga leo linasimama kesho. Kuna mguu mmoja wa ile chipu, namba 15, unaunyanyua kutoka kwenye bodi unaupelekea umeme wa juu badala ya ardhi, inasoma mara 80. Nimeunyanyua kwa sindano ya kushonea huku mkono unatetemeka. Kama unajenga yako anza na hapo usipoteze wiki mbili kama mimi.

Ikashuka mpaka 1:43, ikagoma. Hapo ndo anapoingia mjomba.

Mjomba wangu anaendesha semi Dar–Tunduma na mbele huko mpaka Zambia. Nliporudi naye safari moja kama utingo tulishuka Kitonga saa kumi alfajiri na mzigo wa shaba mgongoni, mbele yetu lori lingine matairi yanatoa moshi, unanusa kabisa breki zinaungua. Yeye katulia kwenye gia nzito, anakanyaga, mwendo unashuka, anaachia kabisa, injini inashika mzigo, baadae tena. Akanambia, "Mpwa, kukanyaga breki hata mbuzi anajua. Angalia mtu anavyoiachia."

Sasa sio kitu kilekile, hilo nakiri. Yeye anakimbia moto, mi nakimbizana na kona. Ila nliporudi nikaangalia rekodi zangu na kweli, nlikuwa nakanyaga vizuri halafu naachia PAP kama nimekanyaga msumari. Tairi lina nguvu yake ya kushika lami na haliongezi, ukiimaliza yote kwenye breki haibaki ya kukata kona, ukigeuza usukani gari linaenda moja kwa moja kama halijakusikia. Na ukiachia ghafla pua inanyanyuka, uzito unakimbilia nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, gari tena halikati. Unatakiwa ukanyage kwa nguvu zote likiwa limenyooka, kisha uachie taratiiibu kadiri usukani unavyokunja, mguu na mikono vinabadilishana. Mwezi mzima nilifanya kona moja tu hiyohiyo, jioni baada ya kazi. 1:41.8.

2024 nikawa na akiba, nikapanda basi, siku sitaki hata kuhesabu, nikafikia kwa binamu Johannesburg. Nikalipia nusu siku ya mazoezi Kyalami, sio GT3 jamani, Toyota 86 ya kukodi na mwalimu pembeni. Sakiti niliijua kuliko njia ya kwetu, najua kona inayofuata kabla haijaonekana, mwalimu akaniuliza nimeshakuja mara ngapi, nikamwambia hii ya kwanza. Hakuamini.

Ila kuna vitu simuleta haikwambii. Joto la helmeti. Tumbo. Kule ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo inachoka, nikadhani wamenipa gari bovu. Na ile sehemu inaitwa Mineshaft, kwenye kioo ni mteremko wa kawaida, ukiwa ndani lami inapotea mbele yako kama umefika ukingoni mwa ghorofa. Mguu ulikataa kabisa kutulia pale, mizunguko yote. Mwisho mwalimu alinisifia breki, akasema ni watu wachache wanakuja wakiwa wanajua kuachia, halafu akaweka kidole kwenye ramani pale Mineshaft, hapa bado.

Sijamwambia mtu hilo. Nimerudi Dar nikampelekea mjomba video Tandika, nikamwambia shikamoo, ona mpwa wako. Akaweka simu juu ya meza kifudifudi, kioo kimeangalia chini, akawa anasikiliza tu mlio huku anamenya chungwa. Mzunguko wa pili akainua kisu.

"Hapo kwenye mteremko," akasema, "hapo umeogopa, umeachia mapema."