Siku moja shambani, chini ya milima ya Uluguru: udongo upone, hela ionekane

Shamba ni nusu ekari nje kidogo ya mji wa Morogoro, matuta 60, kila moja mita 10 kwa mita 1.2. Ni kilimo hai: mbolea ya dukani haiingii. Swali tunaloulizwa kila siku ni moja: inalipa? Inalipa, ila kwa kalenda. Udongo tunaupumzisha wakati bei sokoni nayo imelala. Leo ni Alhamisi ya mwanzo wa Juni, mvua za masika zimekatika.

Saa 11 alfajiri

Mchicha unavunwa kabla ya jua. Saa hii jani limeshiba maji ya usiku. Likivunwa saa 3 linafika Soko Kuu la Chifu Kingalu limelegea, na mchuuzi ana sababu ya kukupunja.

Tunakata kwa kisu kikali, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, tukiacha vifundo viwili vitatu. Kisiki kinachipua na kuvunwa tena baada ya wiki mbili hivi, na mizizi inabaki chini ikilisha udongo. Kung'oa ni haraka zaidi, lakini kila shina linaondoka na udongo wa juu, ule ule tulioutolea jasho la mboji. Ukikata chini ya vifundo, umeua mche.

Fungu linafungwa kwa kamba ya mgomba, linalazwa kivulini juu ya gunia lililoloweshwa. Mfuko wa nailoni hapana. Mboga hupumua hata baada ya kukatwa, joto linapanda ndani ya mfuko, na majani ya katikati yanakuwa ya njano mapema.

Saa 1 asubuhi

Bodaboda anaondoka na matenga mawili. Tumevuna kilichoagizwa jana jioni na mafungu kumi ya ziada, basi. Fungu lisilouzwa limeshakula maji, mboji, kazi na nauli.

Saa 2 mpaka saa 5

Mboji. Hapa ndipo shamba la namna hii linapookoa au linapopoteza pesa, kwa hiyo tusikimbie.

Lundo lina upana wa mita 1.5 na kimo hicho hicho. Dogo kuliko mita moja halishiki joto. Chini tunaweka matawi ili hewa ipite. Juu yake mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, sentimita 20. Kisha majani mabichi ya mti wa gilirisidia na ya alizeti mwitu, sentimita 15. Kisha samadi ya mbuzi, sentimita 5, na udongo wa kunyunyiza tu. Kila tabaka linamwagiwa maji kabla ya lingine, mpaka ukifumbata mabua mkononi yatoe tone moja au mawili, yasichuruzike.

Katikati tunachomeka fimbo ndefu iliyochongwa. Lundo la wiki iliyopita fimbo yake imechomolewa leo: imetoka moto, huwezi kuishika kwa muda mrefu, ina unyevu na inanukia udongo wa msituni. Hilo liko sawa, linasubiri kugeuzwa likifika wiki ya tatu. La pili fimbo imetoka kavu, ina ukungu mweupe kama majivu. Lina kiu, linafunguliwa, linamwagiwa maji, linajengwa upya. Ikinuka yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana: geuza siku hiyo hiyo, ongeza mabua makavu. Ikinuka mkojo mkali, samadi au majani mabichi ni mengi mno, na naitrojeni, chakula kikuu cha majani, inapaa hewani. Harufu hiyo ni pesa inayoondoka.

Baada ya miezi miwili mitatu lundo limesinyaa karibu nusu. Kila tuta linapata ndoo tatu au nne za lita 20 kabla ya kupanda.

Samadi ya kununua ijaribiwe kwanza. Changanya na udongo kwenye kopo, panda maharage. Majani yakitoka yamejikunja, malisho ya mifugo ile yalipigwa dawa ya magugu. Usiimwage shambani hata ukipewa bure.

Saa 6 mchana

Chakula, na daftari. Hesabu ifuatayo ni mfano, weka bei zako. Tuta la mchicha kwa mikato miwili, wiki 6: mafungu 100 kwa shilingi 250 ni 25,000, toa mbegu 1,000, zinabaki 24,000. Kazi saa 8, yaani 3,000 kwa saa. Tuta la karoti, wiki 13: kilo 30 kwa 1,000 ni 30,000, toa mbegu 3,000, zinabaki 27,000. Kazi saa 9, na hapo tena 3,000 kwa saa. Zinaonekana sawa. Sasa gawa kwa wiki: mchicha unaingiza 4,000 kwa wiki, karoti kama 2,080. Asiyeandika wiki ambazo zao limekaa kwenye tuta haoni tofauti hii, na asiyejilipa mwenyewe kama kibarua anadhani ana faida. Karoti tunaziacha kwenye matuta machache kwa sababu zinaweza kusubiri ardhini bei ikiwa mbaya. Mchicha hausubiri.

Saa 9 alasiri

Matuta ya kunde. Machi mpaka Mei mboga za majani zimejaa kila ua na bei inaanguka, hivyo theluthi ya matuta tuliyapanda kunde. Majani machanga yaliuzwa kidogo kidogo, vijidudu vya kwenye mizizi vikaendelea kunasa naitrojeni ya hewani. Tunakata maua yanapoanza. Ukingoja maganda, naitrojeni nyingi inahamia kwenye mbegu na mashina yanakuwa magumu. Safu moja tu inaachwa kwa ajili ya mbegu.

Tunakata usawa wa ardhi, mizizi ibaki, na majani tunayalaza hapo hapo kama matandazo. Baada ya wiki moja miche ya spinachi inaingia humo. Mabua makavu yasichimbiwe ndani: vijidudu vya udongo vitachukua naitrojeni ili viyaozeshe, na miche itakuwa ya njano. Yakae juu. Yasiguse shina pia, huozesha na kualika mchwa.

Saa 11 jioni

Vidukari kwenye figiri. Unga wa kokwa za mwarobaini, gramu 50 kwa lita ya maji, umelala usiku kucha, umechujwa, sabuni kidogo. Unapigwa chini ya majani, na jioni tu, kwa kuwa jua huharibu nguvu yake.

Alama ya Kilimohai, ya kutambulisha mazao ya kilimo hai, inayokwenda na kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 2007, ni nzuri kwa pilipili manga au mdalasini wa milimani unaosafiri mbali. Kwa mchicha wa mama lishe anayelijua shamba, haiongezi hata shilingi kwenye fungu.

Saa 1 usiku

Simu ya mama lishe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kesho nipangie mchicha mafungu kumi na tano, na kunde kama zimebaki."

Tuta la 14 na la 22 yamefikia kuvunwa. Yanaandikwa daftarini, na kisu kinanolewa usiku huu.