Mzigo ulikwama Istanbul, nikaishia kwa masonara

Mimi Istanbul naendaga kufunga mzigo tu, nguo za watoto na mashuka, nafikia Laleli walikojaa wafanyabiashara wenzangu, siku tatu nageuza Dar. Safari hii mzigo ukachelewa siku mbili, na kukaa hotelini kuangalia ukuta mi siwezi, basi nikafuata reli ya tramu kwa miguu, Laleli, Beyazıt, Çemberlitaş, mpaka Sultanahmet.

Kumbe hiyo njia ya tramu ndo ilikuwa barabara kuu ya Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki waliotawala mji huu kabla ya Waturuki, wakiiita Mese, na masonara walipangana humo kati ya ikulu na mnara wa mfalme wao Konstantino wa mwaka 330, ambao bado umesimama pale Çemberlitaş umefungwa mikanda ya chuma kama mtu aliyevunjika mguu. Na serikali yao kali jamani! Sheria za masoko za mwanzoni mwa miaka ya 900 zilimkataza sonara kufua dhahabu au fedha nyumbani kwake, ni kwenye karakana za Mese tu, na mwanamke akileta vito vyake kuuza, sonara akatoe taarifa kwa mkuu wa mji visije vikavushwa nje.

Nikaingia soko kuu lile la kufunikwa. Kijana mmoja kanishika, abla abla, yaani dada dada, pete ya fedha ya Bizanti, ya kale kabisa. Nikaigeuza, ndani mstari wa kalibu huo umenyooka hata haujapigwa msasa. Na bora ilikuwa feki, maana vitu vya kale Uturuki haviruhusiwi kutoka, ningelala ndani.

Mzee wa uchochoroni ndo alinifungua macho. Alikuwa anatengeneza hereni za nusu mwezi, mtindo ule ule wa Wabizanti. Waya wa fedha anauvuta kwenye bamba lenye matundu, kila tundu dogo kuliko lililopita, mpaka unakuwa kama uzi, kisha nyuzi mbili anazisokota pamoja na kuzilaza kwa nyundo, ukingo unatoka kama mshono wa cherehani. Zile punje ndogo mi nilidhani anazichonga, wapi! Anakata vipande vya waya, anavichanganya na unga wa mkaa, anapiga moto, fedha ikiyeyuka inajikunja yenyewe inakuwa duara. Anazipanga kwa kibano moja moja, halafu boraksi, ule unga wa kusaidia lehemu ishike, na lehemu yenyewe, na hapo moto ukizidi kidogo tu kazi yote inakuwa uji.

Akanionyesha na pete yenye msalaba mweusi. Ule weusi sio rangi, ni fedha, shaba, risasi na salfa vimeyeyushwa pamoja vikasagwa, unajazwa kwenye nakshi, unapigwa moto tena, unasuguliwa hadi ubaki kwenye mifereji tu. Wabizanti walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kızım, yaani binti yangu, mbele kila mtu anajua kupamba, we angalia nyuma. Nikanunua jozi moja, akaipima kwenye mizani.

Nimempelekea shangazi Tanga. Kazipokea, kazigeuza nyuma kabla hata hajaangalia mbele, akaniuliza, "Gramu ngapi?"