Siku ya tatu ya kiharusi cha baba

Baba alianguka alfajiri akienda kutawadha, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala tu. Picha ya kichwa ikaonyesha mshipa wa ubongo umeziba. Siku mbili alikuwa anatutambua vizuri, ya tatu akaanza kusinzia, ukimwita anafungua jicho anafumba tena, na ndugu wakaanza maneno, mara kapigwa tena, mara kuna mtu kamfanyia kitu.

Hapana jamani. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za ubongo karibu milioni 1.9 zinakufa kila dakika, na zikifa zinamwaga vitu vinavyoamsha walinzi wa humo humo ndani wanaitwa mikroglia. Hawa siku za kawaida wana vimikono vyembamba wanapapasa papasa kila kona, ila wakishtuka wanavikunja, wanavimba na kuanza kumeza mabaki. Kazi nzuri kabisa, shida wanaita na wenzao wa kwenye damu, na chembe nyeupe za nyutrofili zikifika zinamwaga kemikali zinazotafuna ule ukuta kati ya damu na ubongo, maji yanaingia, ubongo unavimba na fuvu halitanuki. Uvimbe huwa mbaya zaidi kati ya siku ya 2 na ya 5, ndo usingizi wa baba ule.

Nikajiuliza si wangezizuia tu hizo chembe? Walishajaribu, kuna dawa inaitwa enlimomab, majibu yake yakatoka 2001, waliopewa wakawa na hali mbaya kuliko wasiopewa. Halafu baadae chembe hizo za kinga ndo zinasafisha na kusaidia kidonda kipone, huwezi kuzifukuza zote.

Ila lililoniuma zaidi ni hili, wakati kichwani vita imepamba moto, sehemu nyingine za mwili kinga inashuka, bandama inasinyaa, chembe za kinga kwenye damu zinapungua. Na koo nalo halimezi sawa. Shangazi kwa mapenzi yake alishamnyanyulia baba kijiko cha uji, akiwa amelala chali, nesi akamdaka mkono. Uji ule ungeingia kwenye mapafu, na nimonia inaua wagonjwa wengi wa kiharusi waliokwisha kuvuka siku za kwanza. Muulizeni nesi kama mgonjwa kameza maji vizuri akiwa amekaa wima kabla hamjafungua chupa ya uji.

Baba alimeza kijiko cha kwanza wiki ya pili, uji mzito, kakalishwa wima, shangazi ndo alimlisha.