Nikimtoa Rais kwenye hesabu

Jumatano, usiku

Leo nimebishana na msimamizi wangu juu ya mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe ni Rais. Katika jedwali langu la uchanganuzi wa maudhui, Samia Suluhu Hassan ahesabiwe pamoja na wanawake wengine wanaotajwa magazetini, au nimtengee safu yake?

Kazi yenyewe haina maajabu. Unachukua gazeti, unapitia habari moja moja, unaandika nani katajwa, nani kanukuliwa, ni mwanamke au mwanamume, na anazungumza kama nani: msemaji, mtaalamu, shuhuda, au mpita njia. Upo mradi wa kimataifa unaoratibiwa na WACC, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambao umekuwa ukifanya hivi kila baada ya miaka mitano tangu 1995, mwaka uleule wa mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella. Hesabu ya kwanza ilikuta wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaosikika au kuonekana kwenye habari. Mwaka 2010 ikawa 24. Mwaka 2015, 24 ileile. Mwaka 2020, 25. Mwendo wa kobe, na kobe angalau husemwa kwamba hufika.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Tangu 19 Machi 2021, Samia alipoapishwa, ni nadra kupita siku bila mwanamke kuwa ukurasa wa mbele. Rais kazindua, Rais kateua, Rais kaagiza. Septemba mwaka huo Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Ulinzi. Februari 2022 Tulia Ackson akakalia kiti cha Spika. Ukiwahesabu wote, jedwali linapendeza mpaka unataka kulipiga picha.

Msimamizi anasema hesabu ni hesabu. Ni mwanamke, katajwa, mwandike. Leo ukimtoa huyu, kesho utamtoa yule, mwisho utabaki na jibu ulilokuwa nalo kabla hujafungua gazeti. Hoja nzito, na ametoka nayo mbali. Nikamwambia, Prof, kwa heshima zote, aliyeandika habari ile hakutoka ofisini kwenda kutafuta sauti ya mwanamke. Alipangiwa Ikulu. Angekuwa Rais mwanamume, habari ingekuwa ileile, na picha ingekaa palepale. Tunachokihesabu pale ni cheo.

Tumemalizana kwa safu mbili: moja yenye Rais, moja bila yeye. Jioni nimeipitia ile ya pili kwa macho, kabla hata sijajumlisha, na nimewaona watu ninaowajua. Bei ya mafuta imepanda: mama lishe anasema maisha magumu, kisha mchumi, mwanamume, anaeleza kwa nini. Mvua zimebomoa daraja: mama mwenye mtoto mgongoni anasimulia alivyovuka, kisha mhandisi, mwanamume, anataja gharama. Mwanamke anaulizwa imemuumaje. Sababu anaulizwa mwingine. Ripoti ya 2015 ya mradi ule ilikuta wanawake ni asilimia 38 ya wanaosimulia yaliyowakuta wenyewe, lakini 19 tu ya wanaoitwa kama wataalamu. Kwenye habari za siasa na serikali walikuwa asilimia 16 ya wote wanaotajwa.

Nimekaa chumba cha habari, kwa hiyo siwezi kujifanya nashangaa. Saa kumi na moja jioni mhariri anadai habari, wewe unahitaji mtaalamu, unampigia yule aliyepokea simu jana. Na wahadhiri wanawake niliokuwa nawapigia, wengi waliomba niwatumie maswali kwa maandishi kwanza. Zamani ilinikera. Baadaye nikawa nasoma maoni chini ya habari wanazonukuliwa. Mwanamume akichambua uchaguzi vibaya, anaambiwa hajui uchaguzi. Mwanamke akichambua vizuri, anaulizwa kaolewa na nani.

Wako wanaosema dawa ni kuajiri waandishi wanawake wengi. Nami nilikuwa naamini hivyo. Lakini ripoti ileile ya 2015 inaonyesha kwamba katika habari zilizoandikwa na wanawake, waliotajwa wanawake ni asilimia 29. Zilizoandikwa na wanaume, 26. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko tunavyoahidiana kwenye warsha. Ripota mwanamke naye anapangiwa Ikulu, naye ana simu ileile yenye namba zilezile. Nadhani waanzilishi wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, mwaka 1987 walilijua hili mapema. Tayari walikuwa waandishi na watangazaji, ajira wanazo, na bado wakaona haja ya kuanzisha jarida lao, Sauti ya Siti, kwa jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Walitaka kuamua wenyewe ipi ni habari.

Kwa hiyo nimeongeza kipindi cha pili kwenye pendekezo la utafiti: kampeni za 2015. Wagombea urais walikuwa wanane, mwanamke mmoja, Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo. Samia naye yumo, mgombea mwenza wa John Magufuli, na kwa kipindi kile namhesabu bila ubishi. Ila ninayemtaka hasa ni Mghwira. Alikuwa mwanasheria na mwenyekiti wa chama, hana Ikulu ya kumpelekea waandishi kila asubuhi. Kila aya aliyopewa, kuna mhariri aliyechagua kumpa. Kesho naanza na majalada ya Septemba na Oktoba, na safu ninayoifikiria ni hii: aliulizwa nini, na wenzake saba waliulizwa nini wiki ileile.