Hurling, mchezo ulioniteka huku Kilkenny

Kabla sijahamia Ireland nilijua huku watu ni futiboli na raga basi. Nafika Kilkenny nakuta watoto asubuhi wanaenda shule, begi mgongoni gongo la mbao mkononi, njia nzima wanadundisha kimpira juu ya gongo bila hata kukiangalia. Nikamuuliza jirani yangu, mama mtu mzima, akashangaa kabisa kwamba sijawahi kusikia hurling, Jumapili akanipitia twende uwanjani.

Aisee, ile kasi! Timu ni 15 kwa 15, uwanja mrefu kuliko wa futiboli, unafika hadi mita 145, magoli yana umbo la H kama ya raga ila chini kuna wavu na kipa. Ukitia wavuni unapata pointi 3, ukipitisha juu ya mwamba pointi 1, na pale golini wanasimama waamuzi wenye makoti meupe, goli wanapunga bendera ya kijani, pointi bendera nyeupe. Ukishajua hivyo tu unafuatilia mechi bila shida.

Ila kinachonimaliza mimi ni namna wanavyookota mpira, maana kuuokota chini kwa mkono ni marufuku. Mchezaji anakuja mbio, anainama, anapitisha ubapa wa gongo chini ya mpira, mpira unaruka unatua kiganjani, hapo haruhusiwi kutembea nao zaidi ya hatua nne, anaurusha kidogo anauchapa, ukigeuka uko mita 80 kule, na muda wote huo kuna jamaa kambana begani na gongo lake liko hapohapo. Halafu helmeti zimekuwa lazima kwa wakubwa mwaka 2010 tu, kabla ya hapo wengi walikuwa wanaingia kichwa wazi!

Yale magongo yenyewe yanatoka kwenye mti unaoitwa ash, na fundi anataka kile kipande cha chini kabisa, pale shina linapojikunja kuingia mizizini, ili nyuzi za mbao zifuate ule mkunjo wa gongo lisipasuke. Fundi mmoja alinipa nishike, jepesi kuliko nilivyodhani, na mbele limefungwa bati jembamba. Bahati mbaya kuna ugonjwa wa fangasi unaua hiyo miti, uligunduliwa huku 2012, sasa mbao nyingi zinatoka nje na wengine wameanza kutengeneza kwa mianzi, kiukweli inauma.

Sasa kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba wachezaji hawalipwi mshahara. Chama chao cha michezo, kinaitwa GAA, kilianzishwa Thurles mwaka 1884, wakati nchi bado iko chini ya Waingereza, ili kulinda michezo ya kwao, na mpaka leo unachezea klabu ya kijiji chako, ukiwa mzuri unaitwa timu ya kaunti yako, yaani kama mkoa, hakuna cha kununuliwa na tajiri. Ni kama ndondo za mtaani kwetu, ila fainali ya kaunti inachezwa Croke Park pale Dublin, uwanja unaochukua watu zaidi ya 82,000. Yaani mtu Jumapili anashangiliwa na uwanja mzima, Jumatatu yuko darasani anafundisha. Mimi naona heshima ya namna hiyo pesa hainunui.

Na usidhani mgeni hana nafasi. Seán Óg Ó hAilpín, mama yake ni mtu wa Fiji, aliiongoza timu ya kaunti ya Cork kama kapteni wakachukua ubingwa wa 2005, akapokea kombe akahutubia kwa Kiairishi. Hapa kwetu nikienda kuangalia mazoezi ya watoto nawaona na wa kwetu wenye asili ya Afrika wamo, wanachapa mpira kama wengine tu, na mabinti wana camogie ambayo ni hurling ya wanawake. Kama uko Ireland na una mtoto, ulizia klabu ya karibu na kwako, nenda hata ukakae tu ukutani uangalie, watu watakusogelea wenyewe kukuelekeza.

Fainali ni Julai. Tiketi nyingi zinapitia kwenye klabu na ni za kugombania, mimi jina langu nimeshaandikisha kwa katibu wa klabu yetu, nasubiri.