Shingo ya Fundi na Siku za Kuelekea Idi

Fundi cherehani ninayepakana naye baraza hapa Ngamiani, Tanga, hushona mwaka mzima akiwa ameinama, lakini shingo humuuma msimu mmoja tu: kumi la mwisho la Ramadhani, wateja wanapojazana mlangoni kudai kanzu na magauni ya Idi. Jambo hili limenishughulisha wiki nzima, kwa sababu mimi nami, ninayefunga hesabu za maduka ya watu, hukakamaa mabega kila mwisho wa mwezi, na kila mtu huniambia nikae wima.

Ushauri huo si wa kupuuzwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kikitulia juu ya pingili 7 za shingo, misuli haitaabiki sana kukibeba; kikitangulia mbele kuifuata sindano au simu, misuli ya nyuma hulazimika kukizuia muda wote kisidondoke. Kiuno nacho huumia: katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo lililomo ndani ya visahani vya kati ya pingili, akakuta kwamba mtu aliyekaa huku ameinama huvikandamiza kuliko aliyesimama.

Lakini fundi huinama vilevile mwezi wa Januari, anaposhona sare za shule tangu asubuhi hadi isha, wala halalamiki. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, alijibu bila kuinua macho: "Si kukaa, dada yangu. Sare hazina mtu wa kunisimamia."

Naona amelenga. Mtu anapobanwa, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio na misuli hujikaza tayari kwa kupambana au kukimbia. Utaratibu huo hufaa kwa hatari inayopita upesi. Mteja wa Idi hapiti, bali hurudi kila baada ya muda kuuliza kama mikono imeshawekwa. Mabega hupanda kuelekea masikioni bila mwenyewe kutambua, pumzi huwa fupi, na misuli ya shingo huanza kusaidia kunyanyua kifua. Aliyejikunja huzidisha taabu hiyo, maana tumbo likibanwa, kiwambo kilicho chini ya mapafu hukosa nafasi ya kushuka. Baadaye hufuata kichwa kubana kama kilichofungwa kilemba, kisha usiku wa kujigeuzageuza, na asiyelala huyasikia maumivu zaidi kesho yake. (Ganzi inayoteremka hadi mkononi ni habari nyingine, hiyo ipelekwe hospitali.)

Kwa hiyo siwaamini sana wanaonadi mikanda ya mgongo kana kwamba upo mkao mmoja unaoponya. Hata mkao ulionyooka, ukishikiliwa kwa saa nyingi, huchosha. Siku za kawaida fundi huinuka adhuhuri na alasiri akatembea hadi msikitini. Katika lile kumi la mwisho huswali papo hapo kibandani ili asipoteze muda, akarudi kwenye cherehani. Nadhani matembezi hayo yalikuwa yakimfaa kuliko kiti chochote.

Mwaka huu anasema ataacha kupokea vitambaa Ramadhani ikifika katikati. Mkewe anauliza kodi ya fremu atalipa nani.